Mkate Alioukataa Wambui

Jumatatu, 4 Machi 1974

Tanuri limechelewa kushika moto. Kuni mbichi tena. Nimesema mara ngapi, mkaratusi uliokatwa juzi hautoi joto, unatoa moshi tu. Hata hivyo mikate imetoka vizuri. Migongo ya kahawia, na ukiigonga chini inalia kama ngoma. Kina mama wote wamekula na chai. Mmoja amenibusu mkono. Nikauacha mkono pale kidogo.

Naandika Kiswahili kwa sababu mke wangu anasoma Kikuyu tu. Si kwamba nina siri. Mtu anataka mahali pake.

Huu ni mwezi wa nne tangu nianze kuja hapa kwenye makao ya wazee, njia ya Mweiga. Baiskeli asubuhi, baiskeli jioni. Silipwi. Jana padri alinitaja kanisani. Nilipaswa kuinamisha kichwa. Sikuinamisha vya kutosha, najua.

Lakini hapa ndani niseme ukweli. Sikuja kwa huruma. Nilikuja kwa hasira. Miaka ishirini na saba nimeoka mikate katika bekari moja mjini Nyeri. Bwana Kanji, Mhindi aliyenifundisha kazi, alipoondoka kwenda Uingereza aliniambia bekari inabaki mikononi mwa wenyewe. Nikadhani wenyewe ni mimi. Akainunua Gitonga, ambaye hajawahi kukanda unga tangu azaliwe. Akaleta mashine. Mashine haiugui mgongo. Mimi nikapewa blanketi na barua ya shukrani. Jina langu lilikuwa limeandikwa vibaya. Ndirango, badala ya Ndirangu. Miaka ishirini na saba.

Basi nilitaka mahali ambapo mtu atakula mkate wangu na kusema asante. Huo ndio mshahara wangu. Nauchukua kila siku.

Alhamisi, 7 Machi

Sista Agneta, anayesimamia makao, ameleta mama mpya kutoka Naro Moru. Anaitwa Wambui. Hana mume, hana mtoto. Alikuwa akilala katika ghala la viazi la watu, na walipotaka ghala lao wakamtoa. Amekonda. Macho makali.

Nikampelekea mkate mwenyewe, kipande cha mwanzo, bado moto, na siagi juu. Hakuangalia mkate. Aliangalia mkono wangu, hili kovu la tanuri linalotoka kiwikoni mpaka kidole gumba. Halafu akanitazama usoni. Halafu akasukuma sahani, polepole, mpaka ukingo wa meza.

Nikadhani hana meno.

Jumamosi, 9 Machi

Meno anayo. Nimemwona akitafuna mahindi ya kuchemsha.

Jana nilimloweshea mkate katika maziwa. Akakataa. Leo nimempikia mdogo wa peke yake, wenye sukari. Akakataa. Anakula viazi, anakula uji, anakunywa chai kavu. Sista anasema nisiweke moyoni, labda tumbo lake halijazoea ngano.

Nimeweka moyoni. Nimekasirika na mwanamke mzee asiye na kitu kwa sababu hataki mkate wangu. Huyo ndiye mimi.

Jumatatu, 11 Machi

Leo amezungumza.

Nilikuwa nikikusanya sahani. Yake ilikuwa na mkate mzima, kama kawaida. Nikamuuliza, kwa Kikuyu, na sauti yangu haikuwa nzuri, mkate huu umekukosea nini?

Akasema, "Wewe ndiye wa lori la mikate."

Nikasema lori gani.

"La kambini. Sisi tulikuwa tukichimba handaki, wewe ulipita kila asubuhi umekaa juu ya makasha. Nilikuja mpaka kwenye gurudumu nikakuomba mkate ulioungua. Si mzuri. Ulioungua. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Ulisema huo ni wa nguruwe wa afisa."

Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kisha akasema mtoto hakumaliza mwezi ule.

Wale kina mama wengine mezani waliacha kutafuna.

Niliosha sahani zote. Niliosha na zile safi.

Jumanne, 12 Machi

Sikwenda. Nimemwambia mke wangu ni mgongo.

Nimekaa nyuma ya nyumba kutwa nikijaribu kumkumbuka. Nakumbuka lori la bekari likipeleka mikate yangu kambini wakati wa emajensi, ile hali ya hatari ya Mwingereza. Nakumbuka baridi ya alfajiri, vidole vikishikana na chuma. Nakumbuka handaki, refu, likifuata ukingo wa msitu wa Nyandarua ili wapiganaji msituni wasipate chakula, na wanawake wa vijiji ndani yake mpaka kifuani na majembe. Nakumbuka homugadi, Waafrika wenzetu waliomtumikia Mwingereza, na bunduki zao. Nakumbuka harufu ya mikate yangu ikishuka kwao. Nguruwe wa afisa nawakumbuka mmoja mmoja.

Yeye simkumbuki.

Nimejaribu. Walikuwa wengi waliokuja kwenye gurudumu. Wote niliwaambia neno lile lile. Hata sauti niliyotumia naikumbuka. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye kazi nzuri.

Lakini askari alikuwa akiangalia. Mtu aliyetoa chakula alipelekwa kizuizini au alipigwa pale pale. Nilikuwa na mke na watoto. Ningefanya nini?

Alhamisi, 14 Machi

Nimerudi. Nimeoka. Kina mama saba hawakugusa mkate. Siku mbili ambazo sikuwepo walikula mabaki yote, Sista anasema. Leo mikate imekaa mezani mpaka ikakauka. Yule aliyenibusu mkono aliangalia dirishani nilipopita.

Sista Agneta ni mtu wa Kakamega, hajui Kikuyu, hajui ya hapa. Akaniita kando.

"Mzee Ndirangu, kuna nini? Unga umeharibika?"

Nikasema hamira ni ya zamani.

Nimemdanganya mtawa, tena Kwaresima.

Jumapili, 17 Machi

Sista ana furaha. Bwana Gitonga amekubali kutoa unga wa mwaka mzima kwa makao. Jumamosi ijayo anakuja mwenyewe kulizindua tanuri, lile lile nililolijenga kwa mikono yangu kwa matofali ya kuokota. Wataweka mlango mpya wa chuma. Kutakuwa na wageni, mtu wa kupiga picha, na mimi nitaitwa mbele, nitajwe kama mfano kwa wazee waliostaafu. Gitonga amesema ataleta hati yenye fremu.

Nitashukuriwa na mtu aliyenifukuza. Wiki mbili zilizopita ningelala nikicheka.

Kuna jambo Sista halijui. Gitonga tunajuana tangu kambini. Yeye alikuwa karani pale. Kila asubuhi lori lilipofika langoni, yeye ndiye aliyetia saini ya mikate. Kijana wa shati jeupe na kalamu sikioni. Hatujawahi kuzungumza juu yake, hata siku moja, hata siku aliponipa blanketi. Leo yeye ni mheshimiwa na mimi ni mtu mwema wa kanisa.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemwambia mke wangu yote. Nilidhani atanitetea.

Alikuwa akichambua mboga. Hakuacha kuchambua. Nikamaliza na neno langu, askari alikuwa akiangalia, ningefanya nini?

Akasema, "Baba Wanjiru, wewe ulileta mkate."

Nikasema mkate gani.

"Kila Jumamosi. Nusu mkate ndani ya koti, chini ya kwapa. Askari huyo huyo langoni. Ulimpita. Niliwalisha watoto chini ya blanketi ili jirani asisikie wakitafuna. Asubuhi nilifagia makombo kabla ya kufagia majivu. Unafikiri harufu nayo niliifagia? Mstari wetu wote wa nyumba kijijini walijua. Ndiyo maana hakuna mwanamke wa pale aliyenisalimu mpaka tulipohama. Wewe ulifikiri nina kiburi."

Nilikuwa nimesahau. Naapa. Nusu mkate kila Jumamosi, karibu miaka miwili, na nilikuwa nimesahau.

Watoto wangu wote wanne wako hai. Mwalimu, nesi, wawili wana mashamba. Katika mstari ule wa nyumba hakuna mwingine aliyetoka na wanne.

Kwa hiyo nilijua jinsi ya kumpita askari. Nilijua vizuri.

Jumatano, 20 Machi

Nimeoka. Sina la kuandika. Nauchukia mkono huu.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemfuata Wambui nyuma ya jiko, alikokuwa akiota jua. Nikamwambia, Jumamosi kuna sherehe, watanisifu. Unataka nifanye nini?

"Mimi?"

Ndiyo, wewe.

Akafikiri. Nilimwona akifikiri kwa kweli, hakuwa na dharau. Akasema, "Sitaki kitu. Nilitaka wakati ule."

Nikamuuliza kama atasema mbele ya watu. Nilikuwa naogopa, na alijua naogopa. Akasema atakaa chumbani, magoti yanauma, na watu wa kupiga picha hawapendi wazee wanaokohoa. Niseme ninavyotaka.

Ningependa angenitukana. Mtu akikutukana mnakuwa wawili. Huyu ameniachia peke yangu.

Jumamosi, 23 Machi

Niandike kabla sijaanza kuipamba habari.

Asubuhi Mlima ulikuwa wazi, theluji yote inaonekana. Nilioka mikate mikubwa ya maua juu, kama ya harusi za Bwana Kanji. Mikono yangu haijawahi kufanya kazi nzuri kuliko leo. Gitonga akaja na gari jeusi na watu watano. Akafungua mlango wa chuma, akaufunga, akaufungua tena kwa ajili ya picha. Akahutubia. Akasema taifa linajengwa na watu kama Mzee Ndirangu, waliotumikia kwa uaminifu na sasa wanawalisha mama zetu waliohangaika. Alisema hivyo, waliohangaika. Kama vile walihangaishwa na mvua.

Nikaitwa. Nikapewa hati. Safari hii jina liliandikwa sawasawa.

Nikasema asante. Ningekaa chini hapo. Miguu ilikuwa tayari imegeuka. Halafu nikaona kwamba Wambui hakukaa chumbani. Alikuwa ameketi mlangoni, kwenye kigoda, akitazama kuku.

Nikasema kwa Kikuyu ili kina mama wasikie. Nilisema mimi nilioka mikate ya kambini wakati wa emajensi. Nilipita juu ya handaki kila asubuhi. Wanawake waliniomba ile iliyoungua, nikawaambia ni ya nguruwe. Kila Jumamosi nilitoa mkate kwa siri nikawapa watoto wangu, kwa hiyo msiniambie sikuweza. Niliweza. Baadhi ya wanawake hao wako hapa leo. Sikuja hapa kwa ajili yao. Nilikuja kwa sababu nilifukuzwa kazi na nilitaka kusifiwa.

Na ningenyamaza hapo. Lakini hasira ya miaka ikanishinda, nikamtazama Gitonga nikasema, na huyu ndiye aliyetia saini.

Mpiga picha alishusha mashine yake.

Gitonga hakukasirika mara moja. Alitabasamu kwanza. Akasema kwa Kiswahili, ili Sista naye asikie, "Mzee amechoka. Hayo mambo tulikwisha yazika, tulikubaliana kusahau na kujenga nchi. Leo si siku yake." Akaangalia saa. Wageni wakala mikate yangu ya maua wakiwa wamesimama, haraka haraka, wakasema ni mitamu. Gari likaondoka.

Hakuna mama hata mmoja aliyenijia. Sijui nilitarajia nini. Nilitarajia.

Wambui alikuwa amekwisha ingia ndani.

Jumapili, 24 Machi

Sikwenda kanisani. Mke wangu alikwenda. Aliporudi hakusema walichosema watu, nami sikuuliza. Alinipa chai, akakaa karibu nami kuliko kawaida.

Jumatano, 27 Machi

Unga hauji. Dereva wa Gitonga alileta ujumbe, mwenye bekari amebadilisha mpango, atasaidia shule fulani. Mlango wa chuma watauacha, wamesema, kama zawadi.

Sista Agneta alinisubiri jikoni. Padri alikuwa amemweleza yote, handaki, kambi, kila kitu. Nilidhani ataniambia nimefanya vyema kukiri. Alikuwa amelia, na si kwa ajili yangu.

"Mzee, mimi sikuwa hapa nyakati hizo, siwezi kukuhukumu. Lakini ungekuja kwangu. Ungekuja kwa padri. Ungewaambia hawa mama wenyewe, mezani, hata leo, hata kesho. Wewe ulingoja mpaka mwenye unga amesimama mbele yako. Sasa mimi niwaambie nini? Kwamba umetubu, kwa hiyo hawali?"

Alisema kweli.

Maneno ya kwanza yalikuwa yao. Ya mwisho yalikuwa yangu. Nilichukua mkate wao mara ya pili ili nimpige mtu aliyenipa blanketi.

Ijumaa, 29 Machi

Wamenitoa katika kamati ya parokia. Kwa upole. Wamesema nipumzike.

Watu wawili wamevuka barabara mjini ili tusisalimiane. Mmoja mwingine, mzee niliyemjua kwa sura tu, alinishika bega nje ya posta, akasimama kidogo, akaenda. Sijui alikuwa upande gani wakati ule.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua imeanza kweli. Barabara ya Mweiga ni tope jekundu mpaka kwenye mnyororo wa baiskeli. Nakwenda bado. Sista hakunifukuza, na hakuniomba nibaki.

Tanuri limekaa baridi. Panya wamelipenda. Nimepasua kuni, nimeziba paa la choo, nimelima kipande cha viazi nyuma ya uzio. Kazi ambazo sijui kuzifanya vizuri. Vidole vya mwokaji ni laini, jembe limenichubua. Mchana nakula walichokula wao, viazi na mboga. Hakuna anayeniita mtu mwema. Hakuna anayenibusu mkono. Nashangaa jinsi ninavyokosa jambo hilo, kama mlevi anavyokosa chupa.

Nimewaandikia watoto wangu barua, wote wanne. Nimewaambia walikula nini na kwa nini. Nimewaomba unga kwa ajili ya makao.

Ijumaa, 19 Aprili

Mwalimu amejibu. Anasema Baba, yamepita, usijiumize. Hakutaja unga. Wawili hawajajibu.

Nesi, Wanjiru, alikuja mwenyewe kwa miguu kutoka steji ya basi, na magunia mawili ya unga ameyabebesha punda wa mtu. Hakukaa ndani ya makao. Aliwasalimia kina mama mmoja mmoja kwa mikono miwili, akalia barabarani, akarudi kazini. Nilimsindikiza. Aliniuliza kama bado naikumbuka ladha ya mkate ule wa chini ya blanketi. Nikasema mimi sikuula. Akasema yeye anaikumbuka, na kwamba tangu barua yangu ameshindwa kula mkate. Basi nimemharibia na yeye.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimewasha tanuri. Mkate wa kawaida, bila maua. Nikaweka mezani, nikatoka nje, nisiangalie nani amekula. Niliporudi ilikuwa imebaki minne. Sikuuliza ni ya kina nani.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua ndogo kutwa. Maharagwe yaliyovunwa yalikuwa yameanza kulowa, Sista akataka yaambuliwe upesi. Nikachukua debe, nikakaa barazani. Wambui akaja na kigoda chake. Akavuta nusu ya rundo upande wake.

Tuliambua. Yeye ana haraka kuliko mimi, kidole kimoja tu, ganda linafunguka. Mimi nilikuwa nikiyaponda. Alinionyesha mara moja jinsi ya kushika, bila kunitazama. Saa nzima labda. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu mpaka uzioni. Ndani kina mama walikuwa wakigombana kwa ajili ya redio.

Tulipofika karibu na mwisho akasema, "Muthoni."

Nikangoja.

"Alikuwa na miaka miwili na nusu. Alikuwa ameanza kusema maneno mengi. Jina la mama yangu."

Nikasema jina lile, polepole, ili nilishike vizuri. Akatikisa kichwa kwamba ndivyo. Sikuthubutu kumwita Mama Muthoni. Labda hakunipa ruhusa hiyo. Labda alinipa jina tu.

Sikumwomba msamaha. Ulikuwa mdomoni, nikaumeza, kwa sababu leo ungekuwa wa kunisaidia mimi.

Akakung'uta maganda kwenye sketi, akainuka kwa shida, akaingia ndani na kigoda chake. Chai ilipokuja alikula viazi. Mkate ulikuwepo mezani. Hakuula.

Nimebeba debe jikoni. Limejaa karibu mpaka juu.